Dakika mbili nyuma ya jukwaa: umwambie nini mwanamuziki uliyempenda tangu utotoni?

Swali

Shikamoo. Nina umri wa miaka 36. Yuko mpiga gitaa mmoja ninayemsikiliza tangu nikiwa mtoto. Baba yangu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na kaseti yake, na kila Jumapili akinyoa ndevu aliirudisha kwenye wimbo wa tatu wa upande wa pili, mpaka mkanda ukaanza kukwaruza. Alipofariki nilichukua gitaa nikajifunza wimbo huo, na tangu hapo sijaacha kupiga, ingawa muziki haujawahi kuwa kazi yangu. Mwezi ujao mwanamuziki huyo atafanya onyesho, na rafiki yangu anayefanya kazi na waandaaji amenipatia pasi ya kuingia nyuma ya jukwaa baada ya shoo. Nimekosa usingizi. Nimwambie nini? Niombe picha? Nimpe nyimbo zangu nilizorekodi? Na zaidi ya yote naogopa: nikimkuta ni mtu wa kiburi, nitaweza tena kuzisikiliza nyimbo zake?

Jibu

Marahaba, ndugu yangu. Nimefanya kazi nyuma ya majukwaa zaidi ya miaka 20. Nilianza kwa kubeba nyaya, nikaja kuwa meneja wa jukwaa, na kwa miaka mingi kazi yangu ya mwisho kila usiku ilikuwa kusimama kwenye mlango kama huo utakaoupitia wewe, orodha ya majina mkononi. Nimewaona mamia ya watu wakiingia kuonana na mwanamuziki waliyempenda nusu ya umri wao, na nimewaona wakitoka. Wengi hutoka wakijilaumu, na wanachojilaumu karibu wote ni kwamba hawakusema walichokuja kusema. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, nikianzia mlangoni, maana sehemu kubwa ya hofu yako inatokana na kutojua huko ndani kukoje.

Ijue pasi yako. Iko kadi ngumu ya plastiki inayoning'inia shingoni. Hiyo ni ya watu wa ziara, hutumika safari nzima na hufungua karibu kila mlango. Halafu iko stika ya kitambaa inayobandikwa kwenye nguo, yenye rangi au tarehe ya siku hiyo, na kesho yake haina kazi. Kwa jinsi ulivyoeleza, wewe utapewa stika. Ibandike kifuani ionekane, na usiibandike kwenye koti ambalo utalivua joto likizidi. Mwombe rafiki yako ahakikishe jina lako limo kwenye orodha ya meneja wa ziara. Waandaaji nao wana orodha yao, lakini mwanamuziki akishashuka jukwaani, neno la mwisho ni la meneja wa ziara. Beba kitambulisho. Uliza mapema ni mlango upi, unamsubiri nani, na dakika ngapi baada ya wimbo wa mwisho. Kisha likubali jambo moja kabla hujatoka nyumbani: pasi inakufikisha kwenye korido tu. Mtu wa kukutokea hapo anabaki kuwa huru kutokutokea.

Mlangoni utakutana na mabaunsa, na huenda wakakukagua kwa ukali usioutarajia. Usikasirike. Tarehe 10 Juni 2016, mwimbaji Christina Grimmie, msichana wa miaka 22, alikuwa akiwasainia mashabiki mjini Orlando, Marekani, baada ya onyesho lake. Mtu mmoja katika foleni akampiga risasi, naye akafariki. Sisi tulioshika milango tangu siku hiyo hatujaweza kumtazama mgeni mwenye mkono mfukoni kama tulivyomtazama zamani. Mikono yako ionekane, begi lako liwe dogo, na ukiambiwa usubiri pale, subiri pale pale.

Korido yenyewe huwashangaza wengi. Watu hudhani nyuma ya jukwaa ni mahali pa starehe, kumbe wakati ule ndipo kazi ngumu kuliko zote inaanza. Taa za jukwaani hazijapoa, mafundi wameshaanza kushusha spika, kukunja nyaya na kusukuma makasha makubwa yenye magurudumu kuelekea kwenye malori. Kasha moja likikupanda mguuni, usiku wako umekwisha. Kaa upande mmoja wa ukuta, acha njia wazi, usiegemee chombo chochote, usiguse hata gitaa lililoachwa kwenye kistendi chake. Watu hao watakuona kama mtu wa kuzungukwa tu, lakini ukimsalimia fundi mmoja kwa heshima na ukampisha bila kuambiwa, habari hufika. Mara nyingi nimeingia ndani nikasema, "Kuna mgeni mmoja ametulia pale, tumwingize kwanza."

Utasubiri, labda nusu saa, labda saa nzima. Sasa nikueleze mwenzako anafanya nini wakati huo, kwa sababu hapa ndipo mashabiki wengi wanapomwelewa vibaya.

Mtu aliyetoka kupiga muziki kwa saa mbili mbele ya watu hajarudi bado kuwa yule mtu wa mchana. Moyo unamwenda mbio, nguo zimelowa jasho, mwili umejaa msisimko ambao hauna pa kwenda. Wapo wanaocheka kila kitu, na wapo wanaokaa wakitazama sakafu kwa dakika 20 na hawataki kusemeshwa na mtu, hata mke au mume. Ndani ya muda huo huo anarudia kichwani noti aliyoikosea wimbo wa tano. Mimi nimewahi kumhudumia mwanamuziki ambaye ukumbi mzima ulisimama kumshangilia, naye akaingia chumbani akafunga mlango kwa uchungu kwa sababu uzi mmoja wa gitaa ulikuwa umelegea kidogo tangu mwanzo hadi mwisho. Nje walikuwapo watu kumi wakingoja kumwambia jinsi alivyopiga vizuri.

Halafu kuna masikio. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya usalama kwa kumbi za muziki, na kiwango cha juu cha wastani walichoweka ni desibeli 100. Ni kelele kubwa hata hapo, na jukwaani wengi huzidi. Baada ya kelele za namna hiyo, seli nyororo za ndani ya sikio huchoka, na usikivu hupungua kwa saa kadhaa kabla haujarudi. Maana yake ni kwamba huyo unayekwenda kumweleza jambo la moyoni anaweza asilisikie vizuri, na wewe pia uliyekaa mbele ya spika huenda usisikie jibu lake. Nimeona watu wawili wakitabasamiana kwa dakika nzima bila yeyote kumsikia mwenzake. Kwa hiyo vaa viziba masikio wakati wa onyesho; wapigaji wenyewe huvivaa na haviharibu muziki. Ukifika kwake, simama akuone uso wako, sema polepole, usipige kelele. Kama yeye pia huimba, usimlazimishe kuongea sana juu ya makelele ya makasha. Mwimbaji akishika ile noti ya A ambayo okestra hulinganishia vyombo, nyuzi zake za sauti zinakutana mara 440 kila sekunde. Piga hesabu ya saa mbili, kisha fikiria kesho anaimba tena mji mwingine. Akikujibu kwa kutikisa kichwa tu, huenda analinda riziki yake.

Sasa tuje kwenye maneno.

Tatizo lako na lake ni kwamba mnajuana upande mmoja. Mwaka 1956 watafiti wawili nchini Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika juu ya jambo hili: mtu anayemwona au kumsikia mtangazaji kila siku hujenga naye uhusiano wa kweli moyoni, ilhali yule wa upande wa pili hana habari. Wewe umekaa naye miaka 30. Alikuwapo msibani kwenu. Yeye usiku huo atakutana nawe kwa mara ya kwanza, akiwa amechoka, na nyuma yako wako wengine wanane. Ukienda ukitarajia akutambue kama unavyomtambua, utaumia hata kama ni mtu mwema kuliko wote. Hata uwe mkubwa namna gani hali hii haikuachi. Tarehe 27 Agosti 1965 Beatles, wakati huo wakiwa kundi mashuhuri kuliko yote duniani, walikwenda nyumbani kwa Elvis Presley, Los Angeles. Huyo ndiye aliyewafanya watake kuimba. Walipoketi mbele yake, ndimi zikawa nzito, wakabaki wakimkodolea macho mpaka mwenyeji mwenyewe akalazimika kuvunja ukimya. Mambo yalikaa sawa magitaa yalipotolewa.

Kwa hiyo usijilaumu ukipigwa na butwaa. Lakini jiandae, kwa kuwa sentensi ambayo ulimi hutoa wenyewe mtu akibutwaika ni ile ile: "Mimi ni shabiki wako mkubwa." Ni kweli tupu, na haina ubaya. Shida yake ni kwamba haimwachii mwenzako nafasi ya kusema lolote isipokuwa asante, na ameshaisema mara 40 usiku huo. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mlangoni pale mimi nilikuwa naweza kumjua mapema mgeni atakayetoka na furaha: ni yule aliyekuja na kitu cha kumpa mwenyeji. Sizungumzii maua wala chupa. Nazungumzia habari ambayo mwanamuziki hana namna nyingine ya kuipata, yaani ule wimbo alioutunga akiwa peke yake chumbani, ulifika wapi na ulifanya nini huko ulikofika.

Na wewe habari hiyo unayo. Umeiandika kwenye swali lako, ukaipitia haraka kana kwamba ni utangulizi tu. Baba akinyoa ndevu. Wimbo wa tatu, upande wa pili. Mkanda uliokwaruza kwa kurudishwa. Umenieleza mambo mengine mengi, lakini hilo ndilo la kumwambia. Sema hivi, au kwa maneno yako mwenyewe: "Baba yangu alirudisha kaseti yako kwenye wimbo wa tatu kila Jumapili akinyoa ndevu, mpaka mkanda ukakwaruza. Alipofariki nilijifunza gitaa kwa wimbo ule. Nimekuja kukushukuru." Nimeisoma kwa sauti nikitazama saa; haizidi sekunde 15. Taja jina la wimbo, maana yeye hakumbuki namba za kaseti. Isome kwa sauti nyumbani mara kumi, hadi itoke hata kama magoti yanatetemeka. Ukiishamaliza, nyamaza. Ukimya utakaofuata utakuogopesha na utataka kuujaza kwa maneno. Usiujaze. Huo ni wakati wake wa kupokea, na wanamuziki hawapati nafasi nyingi za namna hiyo. Niliwahi kumpitisha mama mmoja mtu mzima aliyesema sentensi moja tu juu ya mwanawe aliyekuwa hospitalini na wimbo waliousikiliza pamoja. Mwimbaji, ambaye alikuwa ameniambia hataki mtu zaidi, alivuta kiti akamkalisha. Sijui walizungumza nini baada ya hapo, nilifunga mlango.

Kijana mmoja aliwahi kufanya hivyo pasipo hata kuzungumza. Januari 1961 Bob Dylan, akiwa na miaka 19 na hajulikani na mtu, alisafiri hadi New York, na moja ya haja zake kubwa ilikuwa kumwona Woody Guthrie, mwimbaji wa nyimbo za kiasili za Marekani aliyemhusudu. Alimkuta hospitali, ugonjwa wa Huntington umeshamnyang'anya mikono na karibu usemi wote. Hakukuwa na ushauri wa kuomba wala siri za kazi za kuchota. Dylan akawa anakwenda kumtembelea na kumwimbia nyimbo za Guthrie mwenyewe. Mzee yule aliishi hadi 1967, na kabla ya hapo alisikia nyimbo zake zikiwa hai kwenye koo la mtu mwingine. Kila nikifikiria neno shabiki, huyo ndiye ninayemwona.

Kama baada ya sentensi yako bado anakutazama na hana haraka, muulize swali moja la ufundi. Wewe ni mpiga gitaa. Muulize katika wimbo ule nyuzi alizilinganisha vipi, au kile kipande cha katikati alikipiga kwa vidole au kwa kipiki, kile kibao kidogo cha kuchapia nyuzi. Maswali ya kazi huwaamsha wanamuziki hata wakiwa hoi. Kijana mmoja alimuuliza mpiga dramu wetu juu ya mguu wake wa kushoto, tu, mguu wa kushoto, na yule bwana aliyekuwa akielekea kwenye basi akakaa juu ya kasha akampigia mdundo kwa viganja kwa dakika kumi, meneja akitazama saa yake. Usimuulize kwa nini hakuupiga wimbo fulani usiku huo. Usimuulize habari za mwenzake waliyegombana. Usimwambie kwamba albamu za zamani zilikuwa bora zaidi. Nimesikia hilo likisemwa kwa mapenzi kabisa, na nimeona uso wa aliyeambiwa.

Kuhusu mwili: mwache yeye atangulie. Akinyoosha mkono, upokee kwa ulaini, maana mikono ya mpiga gitaa ndiyo kazi yake na imetoka kufanya kazi saa mbili. Mpiga piano Glenn Gould alichukia kushikana mikono kwa maisha yake yote; mwaka 1959 fundi mmoja wa piano alimgusa bega kwa kumsalimu, naye akasema amejeruhiwa, mambo yakaishia kwenye mashitaka yaliyomalizwa kwa maelewano. Wengine ni kinyume kabisa. Mpiga gitaa wa blues B.B. King alikuwa na desturi ya kukaa na kupokea watu baada ya shoo na kuwagawia vipiki vya gitaa, hadi uzee wake. Huwezi kujua wako ni yupi kabla hujamwona. Tangu janga la korona la mwaka 2020 wapo pia walioacha kabisa kukumbatia watu. Na ukiamka siku hiyo una mafua, kaa mbali naye kidogo na umwambie sababu. Mafua yako madogo yanaweza kumfutia maonyesho matatu.

Picha? Iombe, lakini mwisho, baada ya maneno, na umwombe mtu wa pembeni awapigie badala ya kuhangaika na selfi kwa mkono unaotetemeka. Simu iwe imefunguliwa tayari, taa yake ya mweko imezimwa. Meneja akisema hakuna picha, usimbembeleze msanii juu ya kichwa chake. Wengi hutoa simu kwanza, na nimegundua kwamba simu ikishatoka, mazungumzo yamekwisha: mwanamuziki anavaa tabasamu la picha, na baada ya hapo hakuna njia ya kurudi. Kama unataka saini, mpelekee kitu kimoja tu. Ningekuwa wewe ningepeleka karatasi ya jalada la kaseti ya baba. Kaseti yenyewe iache nyumbani, isije ikapotea kwenye korido.

Nyimbo zako usimpe. Najua hili litakuuma, kwa hiyo nakueleza sababu. Wanamuziki wengi wenye jina hushauriwa na wanasheria wao wasipokee rekodi za mtu wasiyemjua. Mtu akidai kwamba wimbo wake umeibwa, mojawapo ya mambo ambayo mahakama hutazama ni kama mshitakiwa alipata nafasi ya kuusikia. Mwaka 1976 jaji mmoja nchini Marekani alimkuta George Harrison, aliyekuwa mpiga gitaa wa Beatles, na hatia ya kunakili wimbo wa watu wengine bila kukusudia, kwamba ulikuwa umelala kichwani mwake tu. Tangu wakati huo flashi unayompa mtu kwa moyo mweupe, yeye anaiona kama kesi ya miaka kumi ijayo. Ataipokea kwa adabu, kisha itabaki mezani tukiwa tunasafisha chumba. Nimezikusanya nyingi, na sijawahi kuzitupa bila kusikitika.

Hilo halina maana kwamba milango imefungwa milele. Mwaka 1850 mtunzi Johannes Brahms, wakati huo kijana tu wa Hamburg, Ujerumani, alimpelekea mtunzi mwenye jina Robert Schumann furushi la tungo zake alipofika mjini humo. Likarudishwa halijafunguliwa. Miaka mitatu baadaye, vuli ya 1853, Brahms alikwenda mwenyewe Düsseldorf akagonga mlango, akaketi kwenye piano akapiga, na kabla ya Oktoba kwisha Schumann alikuwa ameshachapisha makala ya kumtangaza kwa ulimwengu wa muziki. Tofauti iliyokuwapo kati ya safari ya kwanza na ya pili ni kwamba mara ya pili alikaribishwa apige. Ukiulizwa, "Wewe nawe unapiga?", jibu ndiyo, kwa ufupi. Akisema, "Hebu nisikie," hapo ni mambo mengine kabisa, na mungu wa muziki akusaidie. Lakini asiposema, usiusukume mlango huo. Usiku huo umekwenda kwa ajili ya baba yako.

Nimebakiwa na hofu yako ya mwisho, na sitaki kuipitia haraka, kwani na mimi yalinikuta. Nikiwa kijana wa nyaya nilipangiwa ukumbi ambao mtu niliyemhusudu kuliko wote alikuwa apige. Nilingoja wiki mbili. Usiku ule nilimpa maji, nikamwambia jina langu na wimbo wake niliokuwa nikiupenda. Alichukua maji, hakunitazama, akamwambia mwingine aniondoe pale. Nilikwenda nyuma ya malori nikalia. Nyimbo zake sikuzigusa karibu mwaka mzima, na siku moja nikasikia mmoja ukitoka kwenye gari lililosimama kando yangu, nikajikuta naimba nao hadi mwisho. Wimbo haukuwa umebadilika. Kazi yangu ikanifundisha baadaye mambo mengi ambayo siku ile sikuyajua: kwamba mtu aliyeshuka jukwaani dakika tano zilizopita si mtu wa kupimiwa tabia, kwamba pengine alikuwa amepigiwa simu mbaya kabla ya kupanda, kwamba wengine wenye sauti kubwa mbele ya maelfu ni waoga wa kutisha mbele ya mtu mmoja. Sisemi kila mtu ni mwema ukimjua. Wapo wenye kiburi cha kweli, na wapo wabaya. Akikudhalilisha, toka, hudaiwi heshima na mtu asiyekuheshimu. Ila kwa dakika mbili za uchovu, hukumu inayofaa ni moja: nimemkuta amechoka.

Na kama mlango usipofunguka kabisa, kama meneja atatoka akasema jamani poleni, anaondoka sasa hivi? Hutokea, na hutokea kwa watu wenye pasi halali. Watunzi wakubwa wa Ujerumani, Bach na Handel, walizaliwa mwaka mmoja, 1685, katika miji isiyotengana sana, na mwaka 1719 Bach alifunga safari hadi Halle kumwona mwenzake, akakuta ameshaondoka. Hawakuonana maisha yao yote. Bach huyo huyo, akiwa na miaka 20, alikuwa ametembea kwa miguu zaidi ya kilomita 400 kutoka Arnstadt hadi Lübeck ili amsikie Dieterich Buxtehude akipiga kinanda cha kanisani. Aliomba ruhusa ya wiki nne kazini akakaa kama miezi minne, na waajiri wake wakamkasirikia. Nikimfikiria huyo kijana njiani, naona alichokifuata kilikuwa kwenye masikio kabla ya kuwa kwenye chumba cha wageni. Kwa hiyo usiku huo usiutumie mzima ukiwaza korido. Kuwa ndani ya muziki ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Wakipiga wimbo wa tatu, wewe uko pale.

Ili usiondoke mikono mitupu, andika ile sentensi yako kwenye karatasi ndogo, kwa mkono, kurasa isizidi moja, na jina lako chini. Isipowezekana kuonana, mpe meneja wa ziara umwombe amfikishie. Barua fupi za mkono husomwa kwenye basi usiku. Nimewaona wakizisoma, taa ndogo ya juu ikiwaka, wengine wote wamelala.

Ukiishamwona, ondoka kabla hujaondolewa. Mshukuru meneja, mshukuru aliyekufungulia mlango, bandua stika kifuani kabla hujafika barabarani. Usiku huo huo, kabla hujalala na kabla hujamsimulia mtu yeyote, kaa uandike kila kitu kama kilivyokuwa: alivaa nini, alisimama upande gani, alisema nini, alinyamaza wapi. Msisimko hufuta mambo haraka, na ukianza kusimulia utaanza kutia chumvi bila kujua. Karatasi hiyo ikunje, uiweke ndani ya boksi la ile kaseti ya baba.